Wakili wa Springfield na Wapiga Kura Wake

Nilipopitia orodha ya kesi za Abraham Lincoln mara ya kwanza, nilifanya kama wakili yeyote: nilitafuta za kusisimua. Nikakuta madeni. Huyu kaahidi kwa maandishi kulipa na hakulipa, yule kauza farasi mgonjwa. Yeye na washirika wake walishika kesi zaidi ya 5,000, na nyingi ni za mtu kumdai jirani yake.

Springfield, alikohamia mwaka 1837, hata watu 3,000 haukuwa nao. Katika mji wa namna hiyo wakili hachagui wateja. Mtu anayemtetea leo, kesho anaweza kumshtaki kwa niaba ya mwingine, na kura zikifika anamwendea tena kwa unyenyekevu. Lincoln alikuwa mbunge wa Illinois tangu 1834, na alikuwa mstari wa mbele kupigania makao makuu ya jimbo yatoke Vandalia yaje Springfield. Yalipohamia, Bunge na mahakama ya juu ya jimbo vikawa hatua chache kutoka ofisini kwake. Mjanja huyo!

Lakini siasa zake hasa zilikuwa barabarani. Kila majira ya kuchipua na kila vuli, jaji David Davis alizunguka wilaya za Duru ya Nane, eneo lake la kimahakama huko Illinois, kusikiliza kesi, mawakili wakimfuata kwa farasi na vigari, wakilala wawili wawili kitanda kimoja. Korti ikifika wilayani, wakulima walifurika mjini. Mchana walisikiliza mashahidi, jioni hotuba. Na wale 12 waliokaa kwenye juri, yaani raia wanaoamua kesi, walikuwa wapiga kura hao hao. Davis, baada ya miaka ya kumwona Lincoln akiongea nao, ndiye aliyeongoza kambi ya Lincoln kwenye mkutano wa chama Chicago mwaka 1860 alipoteuliwa kugombea urais. Mwaka 1862 Lincoln akampa ujaji wa Mahakama ya Juu ya nchi.

Undugu wa mtaani nao ulidai haki yake. Mwaka 1858, huku akijiandaa kugombea useneta, alimtetea bure Duff Armstrong, aliyeshtakiwa kwa mauaji. Wazazi wa kijana huyo walimkirimu Lincoln alipokuwa hana kitu. Shahidi alidai aliona yote kwa mbalamwezi. Lincoln akafungua almanaka, kitabu cha kalenda chenye nyakati za mwezi: saa ile mwezi ulikuwa umeinama, unakaribia kutua. Duff akaachiliwa.

Nimesema wakili hachagui wateja. Mwaka 1847, akiwa tayari amechaguliwa kwenda Bunge la Marekani, Lincoln alimwakilisha Robert Matson wa Kentucky, jimbo lililoruhusu utumwa, aliyetaka kurudishiwa Jane Bryant na watoto wake kama watumwa. Wanaompenda humkingia kifua kwa hoja hiyo hiyo ya wateja. Mimi siikubali hapa: kesi ilikuwa Charleston ya Illinois, mbali na Springfield, na Matson hakuwa jirani yake. Angeweza kukataa. Alishindwa kesi, na Jane akaondoka na watoto wake wakiwa huru.