Milky Way: jina moja, chokoleti mbili

Milky Way ni chokoleti ya kujazwa. Chini kuna nugati, yaani sukari iliyoumuliwa ikawa laini, juu yake karameli, na vyote vimevikwa chokoleti ya maziwa. Maelezo hayo ni sahihi kabisa kwa aliyeinunua Marekani. Aliyeinunua Uingereza atakuta kitu kingine: kidogo, chepesi, kisicho na karameli hata tone. Kampuni ni ileile, Mars, na jina ni lilelile. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana kuhusu ladha ya Milky Way na wote wakawa wanasema kweli.

Ya Marekani ndiyo iliyotangulia. Frank Mars aliitoa mwaka 1923 mjini Minneapolis. Alitaka kuingiza kwenye chokoleti ladha ya maziwa ya malti (nafaka iliyochipuzwa na kukaushwa), kinywaji kilichopendwa mno Marekani siku hizo, na jina lilitokana na kinywaji hicho, si lile kundi la nyota za angani liitwalo Milky Way kwa Kiingereza. Iliuzwa senti 5. Kwa senti hizohizo mteja angeweza kupata kipande chembamba cha chokoleti tupu, lakini Milky Way ilikuwa nene, inajaa mkononi. Kilichoinenepesha ni nugati.

Nugati hutengenezwa kwa kupiga ute wa yai pamoja na sukari na shira ya mahindi iliyochemshwa, hadi mchanganyiko uumuke. Protini ya yai hufanya utando kuzunguka kila kiputo cha hewa, na ule uzito wa shira unavizuia viputo visipasuke. Matokeo yake ni kitu laini chenye kutafunika, ambacho sehemu yake kubwa ni sukari na hewa. Hewa haina bei. Kakao ina bei. Kwa hiyo chokoleti, iliyo ghali kuliko vyote, ikawa ganda la nje tu. Kwangu mimi huo ndio uvumbuzi hasa wa Frank Mars, kuliko hata ile ladha ya malti, na Snickers iliyotoka mwaka 1930 ilijengwa juu ya wazo hilohilo, ikaongezwa karanga. Chokoleti ya kuvika, kwa miaka mingi, Mars aliinunua kwa Hershey, mshindani wake mkubwa.

Kiwandani nugati hutandazwa kama godoro refu, karameli ikatandazwa juu, tabaka zikapozwa na kukatwa vipande. Kila kipande hupita juu ya wavu unaotembea, huku chokoleti iliyoyeyuka ikimwagika kutoka juu mfululizo na kupakwa kwa chini pia. Kisha upepo hupulizwa kuondoa chokoleti iliyozidi, ndipo vipande viingie kwenye ubaridi vigande. Ukiishika mkononi utaona vijiwimbi mgongoni mwake: hiyo ni alama ya ule upepo. Ikate katikati kwa kisu, utaona karameli imelala upande huohuo wenye vijiwimbi, na nugati ya rangi ya kahawia chini yake.

Sasa jina liligawanyikaje? Forrest Mars, mtoto wa Frank, hakuelewana na baba yake juu ya uendeshaji wa kampuni. Akaenda Uingereza, na mwaka 1932, mjini Slough, akaanza kutengeneza chokoleti yenye mpangilio uleule wa Milky Way, ila tamu zaidi kwa kufuata ladha ya Waingereza. Aliiita Mars. Jina la Milky Way lilipoingia sokoni huko mwaka 1935, lilipewa chokoleti nyingine: nugati iliyoumuliwa sana, ikavikwa chokoleti, basi. Hiyo ndiyo Milky Way wanayoijua Waingereza na sehemu kubwa ya Ulaya mpaka leo. Mmarekani akiionja atasema ni 3 Musketeers, chokoleti ya kampuni hiyohiyo iliyoanza mwaka 1932 ikiwa na vipande vitatu vya ladha tatu, chokoleti, vanila na stroberi, kabla ya kubaki na ladha ya chokoleti peke yake.

Aina za Milky Way si nyingi. Iliyo na historia ndefu zaidi ni Midnight: nugati ya vanila, karameli, na chokoleti nyeusi kwa nje. Ilijulikana kama Forever Yours tangu mwaka 1936, ikaondolewa sokoni mwaka 1979, ikarudi muongo uliofuata kwa jina la Milky Way Dark, kisha ikapewa jina ililo nalo sasa. Naiona kuwa bora kuliko zote, kwa sababu uchungu wa chokoleti nyeusi unaupunguza utamu wa karameli, na ladha ya vanila inapata nafasi ya kusikika. Simply Caramel, iliyotoka mwaka 2010, imeondoa nugati kabisa. Ni tamu, lakini imekosa kilichoifanya Milky Way iwe Milky Way. Uingereza kuna Magic Stars, ambazo ni nyota ndogo za chokoleti ya maziwa yenye viputo vya hewa, na Crispy Rolls, vimirija vya kaki vyenye kujazwa krimu ya maziwa.

Tofauti hii huleta shida hasa jikoni. Mapishi mengi ya keki na biskuti yaliyoandikwa na Wamarekani hudai Milky Way iyeyushwe, na yanategemea karameli yake kushikanisha unga au kuwa mchuzi wa juu. Ukiyeyusha ile ya Ulaya, karameli hiyo haimo, na mchuzi hautapatikana. Weka Mars badala yake. Nenda kwa uzito, si kwa idadi ya vipande: Milky Way ya kawaida ya Marekani ina gramu 52.2, na ile ndogo ya Uingereza gramu 21.5.