Hiyo S kwenye namba ya chasisi si ya Cooper S

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya kibao cha chasisi, na chini yake maneno yaleyale: "Angalia S hiyo hapo, hii ni Cooper S halisi" (Cooper ni Mini iliyoongezwa nguvu, na Cooper S ina nguvu zaidi yake). Kibao kinaanza na M-A2S4. Hiyo ni Morris Mini ya kawaida.

Tusome pamoja, herufi kwa herufi. M ni Morris, moja ya majina mawili ambayo Mini iliuzwa kwayo; jingine ni Austin. A ni aina ya injini, A-Series. 2S ni bodi, yaani saluni ya milango miwili. Mini yoyote ya kawaida ya miaka ya 1960 yenye bodi hiyo inayo hiyo S, hata ile ya cc 848 yenye breki za ngoma mbele. Kinachotofautisha ni herufi ya kwanza. Morris Cooper inaanza na K-A2S4, Austin Cooper na C-A2S7. Hata ukiikuta K au C, umethibitisha Cooper tu. Cooper na Cooper S zilitumia mwanzo uleule wa namba, kwa hiyo kibao peke yake hakitakuambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Beji sizitazami. Zinafungwa na kufunguliwa kwa dakika chache. Rimu zenye matundu nazo ni hivyohivyo.

Matenki mawili ya mafuta ndiyo yananichosha zaidi. Watu huikataa S ya 1964 kwa sababu ina tenki moja, na huikubali Mini yoyote yenye mawili. Tenki la kulia lilikuwa la hiari mpaka 1966, ndipo likawa la kawaida kwenye S. Mimi hufungua buti, nikaingiza tochi na kupapasa kwa kidole ukingo wa tundu la mdomo wa tenki. Nikikuta meno ya tupa na alama za drili, najua tundu limekatwa kwa mkono. Likiwa safi, bado sijathibitisha kitu. Fundi mzuri hukata safi.

Injini ya cc 1275 pia haitoshi, maana Mini 1275GT ilitoka 1969 na gari dogo la Austin Metro likafuata 1980, na injini zao zimehamishiwa kwenye Mini nyingi. Pitisha kioo kidogo nyuma ya bloku, upande wa ukuta unaotenga injini na abiria. Bloku ya S ina vifuniko vya tapeti, vibati vidogo vya pembeni, pale. Za 1275GT na Metro hazina.

Sasa kuna gari moja linalonipa shida kweli: Mini ya kawaida iliyowekwa karbureta mbili na servo ya breki (kifaa cha kuongeza nguvu ya breki) zama zilezile. Kitengo cha Special Tuning cha BMC, kampuni iliyotengeneza Mini, pale Abingdon, Uingereza, kiliuza vifaa vya namna hiyo, na karakana ya Downton ilitengeneza injini zilizoheshimiwa sana. Kuiita feki ni kuionea. Kuiita S ni uongo. Mimi huandika "Mini yenye vifaa vya zama zake", na wenye magari hukasirika.

Cheti cha British Motor Museum, jumba la makumbusho ya magari pale Gaydon, Uingereza, hutolewa kutoka kwenye daftari za kiwanda, na ndicho ninachokidai kwanza. Lakini cheti kinaeleza gari lililotoka kiwandani. Bodi ikioza, mtu akahamishia kibao kwenye bodi nyingine na kuchomelea vizuri, karatasi itabaki sahihi na gari litakuwa jingine. Hapo nimewahi kukaa chini ya gari asubuhi nzima, nikatoka nimeandika "sijaridhika", basi.