Je, Wajua kwa Nini Mpenzi wa Treni za Mfano wa Kisumu Huwapata Wenzake Uswisi?

Mzee mmoja, ambaye kwa miaka mingi alikagua njia ya reli kati ya Muhoroni na Kisumu, aliinama mbele ya meza yangu, akalitazama behewa dogo lililosimama juu ya kipande cha reli chenye urefu wa futi mbili, kisha akasema, "Kijana, behewa lako limetanua miguu." Nilikuwa nimeletewa treni hiyo na binamu yangu kutoka Ujerumani, ikiwa katika kasha lake, na sikuwa nimeona kasoro yoyote. Mzee hakuomba rula. Jicho lililozoea njia nyembamba inayopita Kibos na Miwani lilimtosha kuona kwamba magurudumu yamekaa mbali mno, karibu na kingo za behewa, ilhali behewa la kwetu hutokeza nje ya reli pande zote mbili, mfano wa mama aliyebeba tita la kuni kichwani na kusimama kwa visigino vilivyokaribiana.

Alikuwa amesema kweli, na hesabu yake ni ya darasa la saba. Treni ile iliundwa kwa uwiano wa 1:87, yaani ni ndogo mara 87 kuliko treni halisi, na nafasi kati ya reli zake ni milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87 utapata 1435, nao ndio upana wa reli ya SGR inayotoka Mombasa. Reli iliyofika Kisumu Desemba 1901, wakati mji huu ukiitwa Port Florence, ina upana wa milimita 1000 tu. Kwa hiyo nilichokuwa nacho mezani hakikuwa treni ya Kisumu hata kama ningekipaka rangi gani.

Kauli ya mzee huyo inajibu swali ambalo huwashangaza watu wanaoutazama uraibu huu kwa mbali. Wapenzi wa treni za mfano wametapakaa duniani, na siku hizi kila mmoja anaweza kuzungumza na mwenzake yeyote kwa simu iliyo mkononi. Mbona basi hawakusanyiki katika baraza moja kubwa? Mbona hujigawa katika vikundi vidogo, kila kimoja na lugha yake ya namba, na mtu akishaingia katika kimoja hukaa humo miaka na mikaka? Walio nje hudhani kwamba ni majivuno, na sitakataa kwamba majivuno yamo. Lakini chanzo hasa ni vipimo.

Kuna mambo mawili ambayo mgeni huyachanganya. Skeli ni uwiano kati ya kitu halisi na mfano wake, na upana wa reli ni nafasi iliyo kati ya vyuma viwili vya njia. Ungetarajia kwamba ukijua kimoja umekijua na kingine, lakini historia ya viwanda haikwenda hivyo. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipeleka katika maonyesho ya Leipzig treni za kuchezea zenye upana uliopangwa kwa namba, na kuanzia hapo viwanda vikaanza kulinganisha njia zao. Upana ukatangulia, skeli ikaja nyuma na kupenyezwa humo kadiri ilivyowezekana.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Waingereza. Ile milimita 16.5 ilipoingia nchini mwao, ilionekana kwamba vichwa vya treni vya Uingereza ni vidogo kuliko vya Marekani na bara la Ulaya, hata mota za umeme za wakati huo hazikuweza kuenea ndani ya mfano wa 1:87. Dawa waliyoipata ni kukuza mwili wa treni hadi 1:76.2 na kuiacha njia ilivyokuwa. Mtindo huo unaitwa 00, na ndio unaouzwa zaidi Uingereza hadi leo. Zidisha tena: 16.5 kwa 76.2 ni 1257. Treni zao zimesimama juu ya njia ambayo ni finyu kwa takriban milimita 178 zikilinganishwa na reli halisi. Yaani Mwingereza ana ugonjwa ulio kinyume cha ule wa behewa langu: lake limebana miguu.

Wengi wao hawajali, nami siwalaumu, kwa sababu ukitazama treni kutoka ubavuni ikipita huoni chochote. Waliojali walijitenga. Wapo waliopanua njia hadi milimita 18.2, wakaitwa watu wa EM, na wapo walioona kwamba hata hiyo haitoshi, wakadai milimita 18.83 kamili, ambayo kwa uwiano wa 1:76.2 inakupa 1435 bila kukosea hata unene wa kidole. Tofauti kati ya makundi hayo mawili haifiki milimita moja. Hata hivyo, gurudumu la mmoja haliwezi kupita katika pointi (pale njia zinapogawanyika) za mwenzake bila kuanguka, na hapo ndipo ilipo siri ya jambo lote: mkikosana kwa nusu milimita hamwezi kuazimana behewa, hamwezi kuuziana ekseli, na ushauri wa huyu hautamfaa yule. Kundi huzaliwa pale ambapo vitu vinaweza kupita kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Wajapani nao wana lao. Reli zao za kawaida zina upana wa milimita 1067, lakini wapenzi wengi wa huko hutumia njia ya milimita 9 kwa uwiano wa 1:150, ambayo ukiikokotoa inakuwa 1350. Katika nyumba ndogo za Tokyo nafasi ni adimu kuliko usahihi.

Sasa turudi Kisumu. Mtu anayetaka kuunda njia inayotoka Nakuru, ipande Njoro, Elburgon na Molo hadi Mau Summit, juu zaidi ya mita 2500 kutoka usawa wa bahari, kisha iteremke Londiani, Kipkelion, Fort Ternan na Koru mpaka ufuoni mwa ziwa, mwendo wa takriban kilomita 217, atajiunga na nani? Jibu la haraka ni Waingereza, kwa kuwa wao ndio walioijenga njia hii, na kule ndiko vilikotoka vichwa vyake vingi vya moshi. Mimi mwenyewe nilianzia huko. Walinikaribisha kwa adabu na picha nzuri za zamani, lakini nilipouliza ni wapi nitapata magurudumu, kimya kilitanda. Njia zao ni za 16.5, za 18.2 na za 18.83, na hakuna hata moja iliyonifaa.

Ukigawanya 1000 kwa 87 unapata milimita 11.5. Hakuna anayetengeneza njia ya upana huo kwa wingi, lakini njia ya milimita 12 ipo, na 12 ukizidisha kwa 87 ni 1044, kosa ambalo hata jicho la mzee wangu lingelisamehe. Nani huitumia? Kwanza kabisa ni wale wanaounda treni za Uswisi. Reli ya Rhätische Bahn, inayopanda milima ya jimbo la Graubünden, ina upana wa mita moja sawasawa na ya kwetu, na kampuni ya Bemo ya Ujerumani imekuwa ikitoa mifano yake kwa miongo kadhaa. Njia, pointi, magurudumu, ekseli, vyote vipo dukani. Isitoshe, watu hao wameshatatua matatizo ambayo ndiyo yangu: treni nyembamba ipandeje mlima katika chumba kidogo, ikate kona kali bila kuanguka, ivuke korongo juu ya daraja refu. Njia ya Kisumu ilijengwa kwa madaraja mengi ya chuma yaliyosimama kwa miguu mirefu kati ya Mau Summit na tambarare ya Kano, na mtu wa Graubünden akiona picha zake haulizi Kenya iko wapi. Anauliza nguzo zimeachana kwa umbali gani.

Wahindi nao ni ndugu wa karibu, na undugu huu ni wa damu. Reli ya Uganda, ndiyo hii iliyofika Kisumu, ilijengwa kwa upana wa mita kwa sababu India ilikuwa na vifaa vya upana huo, na baadhi ya vichwa vya kwanza vilivyotumika hapa vilikuwa vimekwisha kufanya kazi India kabla ya kuvuka bahari. Mchoro wa behewa la mizigo la India la miaka ya 1890 humsaidia mtu wa Kisumu kuliko mchoro wowote wa London.

Ipo njia nyingine, nayo ni ya wenye bustani. Kampuni ya LGB ilianza mwaka 1968 kuuza treni kubwa za nje zinazopita juu ya njia ya milimita 45 kwa uwiano wa 1:22.5. Piga hesabu: 45 kwa 22.5 ni 1012.5. Ni reli ya mita, tena karibu bila kosa! Mwenye shamba Njoro, ambako hali ya hewa ni ya baridi na nyasi hukua vizuri, angeweza kuizungusha kwenye ua wake. Tatizo huja anapotaka kichwa cha treni kinachoheshimika. Vichwa vya daraja la 59, aina ya Garratt (vichwa virefu vya mvuke vinavyojipinda kwenye kona), vilijengwa na kampuni ya Beyer, Peacock huko Manchester katika miaka ya 1955 na 1956. Vilikuwa 34, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na hakuna vichwa vya mvuke vya reli ya mita vilivyowahi kuvizidi nguvu. Viwili vimebaki katika Makumbusho ya Reli, Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Kimoja kina urefu wa karibu mita 32. Katika bustani kingekuwa na urefu wa mita moja na sentimita 40, na mabehewa bado hujayaunganisha. Kwa 1:87 ni sentimita 36 na ushei, kinakaa juu ya rafu ya vitabu. Ndiyo maana mimi si mtu wa bustani, ingawa nawaonea wivu.

Umeme nao hugawa watu, ila kwa hili sitakawia. Märklin huchukua umeme kutoka vijiti vidogo vilivyopangwa katikati ya njia na kuurudisha kwa reli zote mbili, wengine huuchukua kwa reli moja na kuurudisha kwa nyingine, na treni ya mfumo mmoja haitembei katika mfumo wa pili bila kufanyiwa upasuaji. Tangu miaka ya 1990 chama cha Wamarekani kiitwacho NMRA, kilichoanzishwa mwaka 1935, kiliweka kanuni za kuongoza treni kidijitali zinazofuatwa na viwanda vingi, na hilo limepunguza ugomvi.

Kinachomfanya mtu abaki, hata hivyo, si milimita peke yake. Ujerumani lipo kundi linaloitwa FREMO, lililoanza mwaka 1981, ambalo wanachama wake huunda vipande vya njia vyenye ncha za kipimo kimoja, wakavibeba hadi ukumbi wa michezo, wakaviunganisha na kuendesha treni kwa ratiba kamili kama stesheni za kweli. Ni kazi ya kupendeza, lakini aliye peke yake Kisumu hawezi kubeba kipande chake hadi huko. Aliye mbali huhitaji kundi la wenye michoro, picha na subira; aliye na wenzake mtaani huhitaji kundi la kuendesha pamoja. Nimeona watu wakitoka katika kundi lenye wajuzi wakubwa na kuhamia katika dogo kwa sababu moja tu, kwamba katika lile la kwanza swali la mgeni lilijibiwa kwa kejeli. Wapo wale ambao kazi yao ni kuhesabu ribiti za tangi la maji na kukuambia kwamba umepunguza tatu. Wanafaa mara moja moja, hasa unapounda Garratt. Kukaa nao kila jioni ni jambo jingine.

Mgeni naye hupokelewa vizuri zaidi akiwa na kitu mkononi. Swali la kwanza nililoulizwa na wale wa reli ya mita halikuhusu vichwa vya treni. Mmoja aliyekuwa akipaka rangi mabehewa ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, yale ya rangi ya damu ya mzee yaliyokuwapo kabla shirika halijavunjika mwaka 1977, alitaka kujua vumbi la kupaka chini ya behewa lina rangi gani. Alikuwa na picha nyingi, karibu zote nyeusi na nyeupe.

Nilimpelekea mzee swali hilo. Alicheka kwanza. Kisha akasema, "Inategemea treni imetoka wapi. Hapa Kano udongo ni mweusi, unashika kama gundi. Kule juu Kipkelion ni mwekundu. Behewa likiteremka likafika Kisumu, wekundu uko juu ya ekseli na weusi uko chini, na mataruma ya chuma yana kutu, kwa hiyo usiyapake rangi ya mbao."

Niliyaandika maneno yake na kuyatuma kama yalivyo. Baada ya wiki mbili nilirudishiwa picha ya behewa lenye urefu wa kiganja, wekundu juu ya ekseli na weusi chini, pamoja na bahasha iliyofika baadaye kwa posta ikiwa na jozi nane za magurudumu ya milimita 12.