Je, wajua kwa nini muuza spea wa Mwanga hataki jina la gari lako?

Ingia duka la spea pale Mwanga, Kigoma, useme unataka krenki ya Toyota IST, yaani ule mhimili unaozungushwa na pistoni ndani ya injini. Muuzaji anayeijua kazi yake hataenda kwenye shelfu. Atakuuliza: "NCP ngapi, kaka?" Usipojua, atakutuma ukafungue boneti usome kile kibati kilichobandikwa kwenye ukuta nyuma ya injini.

Kuna sababu. Jina la gari limetungwa ili gari liuzike. Corolla ni petali za ua. Camry imetokana na neno la Kijapani kanmuri, yaani taji. Majina haya hubadilika gari likivuka bahari: gari ambalo Wajapani walilifahamu kama Vitz tangu 1999, Ulaya liliitwa Yaris, na mwaka 2020 Toyota ikaachana na jina Vitz hata huko Japani. IST ya kwanza iliuzwa Marekani kwa jina la Scion xA. Chuma kilikuwa kile kile.

Namba ya chasisi, ile iliyo kwenye kibati, haina mapambo. Chukua NCP61. N inakuambia injini ni ya familia ya NZ. P ni ukoo wa Vitz. Tarakimu zinakuambia ni ndugu yupi katika ukoo huo: NCP10 ni Vitz, NCP20 ni Funcargo, NCP50 ni Probox, NCP60 ni IST. Na kwa ndugu hao, tarakimu ya mwisho ikiwa 5, kama NCP15, NCP25, NCP55 au NCP65, gari linavuta kwa magurudumu yote manne. Mimi jambo hili hunifurahisha kila ninapolisoma kwenye kibati. Yale maandishi ya UA, CBA au DBA yanayotangulia yanahusu viwango vya moshi vya Japani, fundi hayamhusu.

Sasa turudi kwenye krenki. NCP60 ina injini ya 2NZ, cc 1298. NCP61 ina 1NZ, cc 1496. Matundu ya pistoni ni sawasawa, milimita 75. Tofauti ipo kwenye mwendo wa pistoni kupanda na kushuka: milimita 73.5 kwa 2NZ, 84.7 kwa 1NZ. Mwendo huo unaamuliwa na krenki, kwa hiyo krenki ya moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine, ingawa magari yote mawili yana sura moja na yameandikwa IST mlangoni nyuma. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Ukiagiza kwa jina ikaja isiyo yake, unalipa nauli ya mzigo kuja, kurudi na kuja tena, na gari liko juu ya mawe wakati wote huo.

Kwa hiyo watu wanapobishana kijiweni kuhusu gari jipya na la zamani, naona wanabishania sura. IST iliyotoka 2007 inapatikana kama NCP110, yenye 1NZ ile ile, na kama ZSP110, yenye 2ZR ya cc 1797. Jina moja, bodi moja, spea za injini tofauti kabisa. Mtu wa Kasulu au Kibondo akiniuliza, namwambia achukue yenye 1NZ. Injini hiyo imo pia kwenye Probox NCP51, Corolla NZE121 na Premio NZT240, na magari hayo yamejaa barabarani kwetu. Linapokufa moja, injini yake inakuwa ghala la mengine.

Herufi hizi zina kumbukumbu ndefu pia. Mwaka 1951 Toyota ilitengeneza gari la kazi ikaliita BJ: B kwa injini yake, J kwa Jeep. Jina likabadilishwa 1954 likawa Land Cruiser, lakini J haikuondoka. Fungua boneti ya mkonga, ile Land Cruiser ya kazi, unaopita barabara ya Kibondo: ukikuta HZJ79, inakuonyesha injini ya 1HZ ya dizeli, cc 4164, na baada yake ile J ya 1951.