Uyoga wa porini ughaibuni: tuulizane kabla ya kuinjika sufuria

Nimekulia kwenye miombo ya Katanga na uyoga naujua tangu utotoni. Kwa nini nisiokote huku Ulaya?

Ujuzi wako ni wa kweli, ila ni wa msitu ule, na huo huo ndio unaoweza kukuponza. Kuanzia Katanga na Zambia hadi kusini mwa Tanzania, mvua zikianza, watu huokota uyoga mkubwa mweupe wa jamii ya Amanita, wenye pete shingoni na kifuko chini ya shina. Ni mtamu, na huuzwa kandokando ya barabara. Vuli ya Ulaya nayo, majani yanapopukutika, huotesha chini ya mialoni ndugu yake mwenye pete na kifuko vilevile: Amanita phalloides. Nusu ya kofia yake yaweza kumuua mtu mzima. Mwaka 2015 huko Hannover, Ujerumani, wakimbizi wengi, hasa Wasyria, walilazwa kwa sababu ya uyoga huu. Waliuona kama ule wa kwao.

Nitautambuaje?

Usiukate juu ya ardhi. Chimbua udongo kwa kisu, uutoe mzima, kisha ugeuze kiganjani. Kofia ina upana wa sentimita 5 hadi 15, rangi ya zeituni au manjano yenye ukijani, mara nyingine karibu nyeupe. Chini yake kuna vipande vyembamba vyeupe vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Pete inaning'inia kama kitambaa laini. Mwishoni kabisa, ndani ya udongo, kuna kifuko cheupe, na aliyekata juu juu hukiacha ardhini bila kukiona. Ukiwa mchanga huwa kama yai. Upasue wima, na ukiona umbo la kofia na shina ndani, utupe.

Alama hizi ni za kukufanya uuache. Zikikosekana, hazikupi ruhusa ya kula. Galerina marginata ni kauyoga kadogo ka kahawia kwenye magogo yaliyooza, hakana kifuko, na kana sumu ileile.

Bibi alikuwa akipika na kitunguu. Kikigeuka rangi, anamwaga. Na kama konokono ameutafuna?

Kwa heshima zote kwa bibi, kitunguu hakipimi sumu hii, wala kijiko cha fedha. Konokono huula bila kudhurika. Kuchemsha, kukausha au kugandisha hakuiondoi. Usitegemee hata ulimi: waliopona wamesimulia kwamba mchuzi ulikuwa mtamu.

Basi nisiokote kabisa?

Wa sokoni unatosha. Ukiwa na hamu ya msituni, fuatana na mwenyeji aliyefunzwa. Ujerumani wapo washauri wa uyoga wanaokagua kikapu chako, na Ufaransa wafamasia husomea kazi hiyo. Waoneshe kila uyoga, siyo mmoja tu.

Tulikula mchana, usiku tukahara na kutapika. Leo ni siku ya pili na tumepata nafuu. Bado twende hospitali?

Nendeni sasa hivi, ndugu zangu. Hapa ndipo watu wanapopotea. Sumu hii hukaa kimya saa 6 hadi 12, hata 24, ndipo tumbo linapochafuka. Kisha inakuja nafuu ya uongo: mgonjwa anaketi, anaomba chai, na wakati huohuo ini linaharibika. Siku ya 3 hadi ya 5 macho yanakuwa manjano, damu haigandi, figo zinalegea.

Waende wote waliokula, hata asiyeumwa. Bebeni mabaki ya chakula, maganda kutoka kwenye pipa la taka, picha ya uyoga, na mtaje saa mliyokula. Msipoteze muda kwa maziwa au mitishamba. Ulaya pigeni 112. Marekani kituo cha sumu ni 1-800-222-1222, mchana na usiku, bila malipo. Ombeni mkalimani wa Kiswahili bila aibu.

Hospitali watafanya nini?

Watatoa makaa ya dawa, maji mengi ya mshipani, mara nyingi na silibinini inayolikinga ini, na watapima damu tena na tena. Ini likishindwa kabisa, hubaki kupandikizwa jingine. Ndiyo maana saa za mwanzo, mgonjwa akiwa bado anasema "ni tumbo tu", zina thamani kubwa mno.