Je, wajua kwa nini makapi ya kahawa iliyokaangwa hayapaswi kutumiwa kama maranda katika lundo la mboji?

Punje ya kahawa inapokaangwa huvimba, hupasuka kwa mlio, na utando mwembamba uliosalia juu yake baada ya kukobolewa hubanduka, kisha hewa ya mashine huupeperusha hadi kwenye chombo cha kukusanyia. Makapi hayo, ambayo ni takriban asilimia 4 ya uzito wa punje mbichi, ni makavu na hushika moto upesi, kwa hiyo hayafai kulundikwa karibu na mashine. Sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje ikiwa mbichi, ndiyo maana makapi mengi ya kahawa ya Kilimanjaro hubaki Japani na Ulaya. Makapi yanayopatikana Moshi na Arusha hutoka kwa wakaangaji wa hapa nchini.

Kwa kuwa ni makavu na ya hudhurungi, wengi huyaweka katika kundi moja na maranda ya seremala au maganda magumu yanayotoka kwenye viwanda vya kukoboa, wakiamini kwamba yana kaboni tupu. Wengine hudhani moto umekwisha kuunguza kila chenye rutuba. Dhana zote mbili si sahihi. Vipimo vya maabara huonyesha kwamba makapi haya yana protini ghafi ya takriban asilimia 16 hadi 19, na protini hubeba naitrojeni. Katika maranda, kaboni huizidi naitrojeni mara mia kadhaa. Katika makapi ya kukaanga, kwa kawaida haifiki mara 20.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua yatakayotokea ndani ya lundo la mboji. Vijidudu vinavyoozesha hutumia kaboni kupata nguvu na naitrojeni kujenga miili yao, kama mlaji anavyohitaji ugali na mboga kwa kiasi kinacholingana. Vikipewa maranda, yaani ugali mwingi wenye kijiko kimoja cha mchicha, huifuata mboga mahali pengine: huchukua naitrojeni ya udongo, na mahindi yaliyopandwa hapo hugeuka manjano. Vikipewa mboga tupu, ile isiyolika hupotea hewani ikiwa amonia, na harufu yake husikika. Makapi ya kahawa yako upande wa mboga. Katika kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, ugali wake uko karibu: majani makavu ya migomba na mabua ya mahindi, yakichanganywa hadi kaboni iwe kama mara 25 au 30 ya naitrojeni, na makapi yaloweshwe vizuri, kwani yakirundikana peke yake hugandamana na kuzuia hewa.

Matumizi mengine yapo, hata ya kushangaza: mwaka 2019 kampuni za Ford na McDonald's zilitangaza kutumia makapi haya, yakichanganywa na plastiki, kutengeneza sehemu za taa za magari. Kuwalisha mifugo kunahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu makapi yana kafeini na huweza kubeba sumu ya ukungu. Kafeini hudhaniwa pia kudumaza miche michanga, ingawa majaribio mengi yamefanywa kwa masimbi ya kahawa iliyokwisha kunywewa. Kwa hiyo ni busara kuiacha mboji ikomae kabisa kabla ya kuipeleka kitaluni.