Je, wajua hewa ilipimwaje kutoka Ngomeni, zaidi ya kilomita 200 juu?

Kaskazini ya Malindi, kwenye maji ya Ngomeni, kituo cha utafiti wa anga cha Chuo Kikuu cha Roma kilisimamisha majukwaa ya chuma baharini miaka ya 1960: San Marco la kurushia roketi, Santa Rita la kuongozea. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi ya Scout iliondoka hapo na San Marco 2, setilaiti ya Kiitaliano ya kilo 129 hivi. Kazi yake kubwa ilikuwa kupima hewa mahali ambapo wengi tunadhani hakuna hewa.

Ipo, ila kidogo mno. Ufukweni, mita moja ya ujazo ina kilo 1.2 za hewa. Kilomita 220 juu, kilomita nzima ya ujazo ina gramu mia mbili tu hivi, nazo huongezeka jua likichachamaa. Barometa huko ni pambo. Lakini setilaiti hukimbia karibu kilomita 8 kwa sekunde, na kwa mwendo huo hata hewa hiyo husukuma: San Marco 2, tufe la kipenyo cha sentimita 66, ilisukumwa kwa nguvu kama uzito wa nusu gramu.

Luigi Broglio, mhandisi aliyeongoza mradi, aliifanya setilaiti yenyewe kuwa mizani. Nje gamba jepesi, ndani pipa zito lenye vyombo, na kati yake mikono inayonyumbuka. Hewa hugusa gamba peke yake. Gamba likizuiwa, pipa hutaka kuendelea mbele. Mikono hupinda, na vihisio husoma imepinda kiasi gani na kuelekea wapi. Graviti haivurugi kitu kwa kuwa huvuta vyote viwili sawasawa.

Uzito wa pipa ndio wenye maana hapa. Mikono huhisi ile sehemu ya nguvu inayopunguza mwendo wa pipa tu. Pipa likiwa asilimia 90 ya uzito wote, mikono husoma asilimia 90 ya msukumo. Gamba likilingana nalo, nusu ya kipimo imepotea. Adui mwingine ni joto: upande wa jua chuma hutanuka, mkono husogea kidogo, na chombo hudhani ni hewa. Kujizungusha kwa setilaiti husaidia, maana msukumo wa hewa hupanda na kushuka kwa kila mzunguko, ilhali kosa la chombo hukaa palepale.

Kwa nini Ngomeni basi? San Marco 1 ilirushwa Desemba 1964 kutoka Wallops, Marekani, karibu latitudo 38, kwa hiyo ilipanda kaskazini na kushuka kusini kila mzunguko, na tofauti za latitudo zikachanganyika na za usiku na mchana. Ngomeni iko chini kidogo tu ya ikweta. San Marco 2 iliizunguka dunia ikiambaa na ikweta, ikarudi juu ya pwani hii kila baada ya dakika 100 hivi, mara mchana, mara usiku, kati ya kilomita 218 na 740 hivi.

Hewa iliyokuwa ikipimwa iliendelea kuivuta chini, hadi ikaanguka Oktoba 14 mwaka uleule. Mizani ya Broglio ilipanda tena na San Marco 5, Machi 1988.